Bonde la Rhein na Ngome Zake: Namna ya Kupanga Safari kwa Treni

0. Utangulizi

Wanafunzi na wahadhiri wa lugha wanaopata nafasi ya kwenda Ujerumani, kwa kozi ya majira ya joto, kwa mkutano wa kitaaluma au kwa ufadhili wa miezi michache, hukutana karibu wote na tatizo moja: kazi inakula juma lote, feza ni za kuhesabu, na siku mbili za mapumziko zinapita bila mpango. Mtu anarudi Kongo akiwa ameona uwanja wa ndege, chumba cha mkutano na njia ya kutoka hotelini hadi chuoni.

Makala hii inaeleza namna ya kutumia siku mbili hizo katika sehemu moja ya Ujerumani: bonde la mto Rhein, kati ya miji ya Koblenz na Bingen. Tumelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, liko karibu na miji ambayo wageni wa vyuo vikuu hufikia mara kwa mara: Köln, Bonn, Mainz na Frankfurt. Pili, reli inapita kando ya mto kwenye kingo zote mbili, kwa hiyo asiye na gari anaona mengi kuliko mwenye gari. Tatu, bonde hili ni sehemu ya masomo yetu: Heine na Brentano wameliandika kwa Kijerumani, Victor Hugo kwa Kifaransa, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya mto huu ilifika baadaye hadi kwenye mto wetu wenyewe.

1. Mahali penyewe

Rhein, ambao wanafunzi wa Kifaransa wanaujua kama Rhin, unatoka katika milima ya Uswisi na kuingia katika Bahari ya Kaskazini huko Uholanzi. Sehemu inayotuhusu ina urefu wa kilomita 65 hivi. Hapo mto umebanwa na vilima, miji ni midogo, mashamba ya mizabibu yamepandwa kwenye miteremko mikali, na juu ya vilima kuna ngome zipatazo 40, nyingine nzima, nyingine magofu. UNESCO iliiandika sehemu hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2002.

Ramani na vitabu vya safari husema "ukingo wa kushoto" na "ukingo wa kulia". Kushoto na kulia huhesabiwa kwa kufuata mkondo wa maji. Rhein hapo unaelekea kaskazini, basi ukingo wa kushoto ni wa magharibi na wa kulia ni wa mashariki. Kwa hesabu hiyohiyo Kinshasa iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo na Brazzaville iko ukingo wa kulia.

Kuna ufanano mwingine na miji yetu miwili hiyo: hakuna daraja. Kutoka Koblenz kwenda juu hadi karibu na Mainz, mtu anayetaka kuvuka Rhein anapanda kivuko. Vivuko viko, kwa mfano, kati ya St. Goar na St. Goarshausen, kati ya Niederheimbach na Lorch, na kati ya Bingen na Rüdesheim. Asiyelijua jambo hili huona kwenye ramani ngome iliyo mita mia chache mbele yake, akadhani ataifikia kwa miguu. Kila mpango wa safari katika bonde hili ni mpango wa treni na vivuko kwa pamoja.

2. Burg, Schloss, Festung: tutafsiri vipi?

Msomaji wa Kifaransa ana neno moja, château, kwa majengo mengi. Kijerumani kinatenganisha. Burg ni jengo la ulinzi la zama za kati, lenye kuta nene, mnara na lango jembamba. Schloss ni jumba la kuishi la mfalme au mtawala, lenye madirisha makubwa na bustani, lililojengwa wakati mizinga ilikuwa imekwisha kuondoa faida ya kuta za zamani. Festung ni ngome ya kijeshi ya kipindi cha mizinga, kama Ehrenbreitstein iliyo juu ya mto mkabala na Koblenz. Ruine ni gofu.

Kiswahili nacho kina maneno ya kutosha. Burg na Festung tunaweza kuziita ngome, neno ambalo Waswahili wa pwani wamelitumia kwa majengo ya aina hiyo, kama Ngome Kongwe ya Unguja. Schloss ni kasri. Neno kasri limetoka katika Kiarabu, na wataalamu wa asili ya maneno hulifikisha hadi Kilatini castra, yaani kambi ya jeshi. Kilatini hichohicho, kwa umbo dogo castellum, ndicho kilichozaa château cha Wafaransa. Kwa hiyo kasri na château ni ndugu wa mbali waliopita njia tofauti.

Neno boma lina historia yake. Katika Tanganyika, wakati wa utawala wa Wajerumani, boma lilikuwa jina la jengo la serikali lenye kuta za ulinzi, na hadi leo majengo kadhaa ya wakati huo nchini Tanzania huitwa hivyo. Anayetafsiri Burg kwa boma hakosei kabisa, lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki atawazia ofisi ya mkoloni kabla ya kuwazia mnara wa karne ya 13. Ni vizuri mfasiri aamue mapema ni picha gani anayotaka.

3. Kwa nini ngome ni nyingi hivyo

Mgeni huambiwa habari za mashujaa na mabinti wa wafalme. Ukweli ni wa kawaida zaidi: ngome nyingi za bonde hili ziliishi kwa ushuru. Rhein ulikuwa barabara kuu ya biashara, na maeneo ya kando yake yaligawanyika kati ya maaskofu wakuu, makabaila na watawala wengi wadogo. Kila mwenye kipande cha ukingo alitaka sehemu yake ya divai, nafaka na nguo zilizopita mbele yake. Mkongo aliyesafiri kwa barabara na kulipa kwenye bariera moja baada ya nyingine hahitaji maelezo marefu.

Ngome ya Pfalzgrafenstein, mbele ya mji wa Kaub, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Imejengwa juu ya kisiwa kidogo katikati ya mto. Mfalme Ludwig wa Bavaria aliianzisha mwaka 1326 au 1327 kwa kazi moja: kutoza ushuru. Ilishirikiana na mji wa Kaub na ngome ya Gutenfels iliyo juu ya kilima, na mashua haikuwa na njia ya kukwepa.

Wafanyabiashara hawakukubali kila mara. Rheinfels, juu ya St. Goar, ilijengwa mwaka 1245 na kabaila Diether wa Katzenelnbogen. Ushuru wake ulipozidi, miji ya Rhein iliyokuwa imeungana iliizingira ngome hiyo kuanzia mwaka 1255, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Haikuanguka.

Kilichoziangusha nyingi ni vita vya baadaye. Mwaka 1689 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yaliharibu miji na ngome nyingi za eneo hili, na mwaka 1797 Wafaransa wa kipindi cha Mapinduzi waliilipua Rheinfels. Marksburg, juu ya Braubach, ndiyo ngome pekee ya kileleni katika bonde hili ambayo haikubomolewa. Baada ya mwaka 1815 nchi za ukingo huu zilikuwa chini ya Prussia, na wana wa ufalme huo wakaanza kujenga upya magofu kwa mtindo walioudhania kuwa wa kale: Rheinstein katika miaka ya 1820, kisha Stolzenfels karibu na Koblenz. Kwa hiyo unapotazama ngome, jiulize swali moja: je, hii ni ya karne ya 13, au ni ndoto ya karne ya 19 juu ya karne ya 13? Hata reli iliingia katika ndoto hiyo: karibu na St. Goar, milango ya baadhi ya mahandaki ya treni ilipambwa kwa minara, kama kwamba treni inaingia ngomeni.

4. Kabla ya kuondoka: viza, feza na majira

Mwenye viza ya masomo ya Ujerumani hana la kuongeza. Anayekuja kwa muda mfupi kutoka Kongo anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Mambo manne yazingatiwe.

La kwanza ni nchi ya kuomba. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi utakayoingilia. Wengi wetu tuna ndugu Brussels au Liège. Kama juma moja ni la mkutano Ujerumani na majuma mawili ni ya familia Ubelgiji, nchi ya kuomba ni Ubelgiji. Kupeleka ombi mahali pasipohusika ni njia rahisi ya kukataliwa.

La pili ni muda. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Anayeishi Lubumbashi, Bukavu au Kisangani aongeze siku na nauli ya kufika Kinshasa.

La tatu ni gharama. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Tena bima ya safari inatakiwa, yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo usinunue tiketi ya treni isiyorudishika kabla ya kuona viza katika pasipoti.

La nne ni majira. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ngome zimefunguliwa kwa saa ndefu na meli za watalii zinatembea mtoni. Wakati wa baridi ngome kadhaa hufunga au hupunguza saa, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Treni hutembea mwaka mzima. Mwenye safari ya Januari bado ataona bonde, ila asitegemee kuingia kila mahali.

5. Treni gani, tiketi gani

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza safari yao bila kujua. Ukiuliza programu ya simu au mashine ya tiketi njia ya kutoka Köln hadi Frankfurt, jibu la kwanza huwa ICE, treni ya mwendo kasi. Inafika kwa muda wa saa moja hivi. Lakini reli yake, iliyofunguliwa mwaka 2002, inapita juu ya vilima na ndani ya mahandaki, kandokando ya barabara kuu ya magari. Huoni mto wala ngome, na umelipa zaidi.

Unachotaka ni treni za mkoa, zinazoandikwa RE na RB. RE husimama vituo vichache, RB husimama karibu kila kituo. Ukingo wa kushoto una reli ya Köln, Bonn, Koblenz, Boppard, St. Goar, Oberwesel, Bacharach, Bingen na Mainz. Ukingo wa kulia una reli ya Koblenz, Braubach, St. Goarshausen, Kaub, Lorch, Rüdesheim, Wiesbaden na Frankfurt. Katika programu ya reli chagua "Nahverkehr", yaani treni za karibu tu, au uandike Koblenz kama kituo cha kupitia.

Kuhusu tiketi, njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni Deutschlandticket, tiketi ya mwezi mzima kwa treni zote za mkoa, tramu na mabasi ya mijini, nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Haikubaliki katika ICE wala IC. Ni usajili unaojirudia: asiyeufuta kufikia tarehe 10 ya mwezi atalipishwa mwezi unaofuata. Mwanafunzi aliyeondoka Ujerumani bila kuufuta anaendelea kukatwa feza huku yuko nyumbani.

Njia ya pili ni tiketi ya siku ya jimbo, Rheinland-Pfalz-Ticket. Siku za kazi huanza saa tatu asubuhi, na mwishoni mwa juma huanza usiku wa manane. Watu hadi 5 husafiri pamoja, na kila anayeongezeka baada ya wa kwanza hulipa nyongeza ndogo. Kwa kikundi cha wanafunzi ndiyo njia nafuu. Kumbuka tu mipaka: Köln na Bonn ziko jimbo la Nordrhein-Westfalen, Koblenz, St. Goar, Bacharach, Kaub na Mainz ziko Rheinland-Pfalz; Lorch, Rüdesheim, Wiesbaden na Frankfurt ziko Hessen. Kabla ya kuvuka mpaka, soma masharti au uliza dirishani tiketi inafika kituo gani.

Njia ya tatu ni tiketi ya kawaida ya kituo hadi kituo. Inafaa kwa safari moja fupi, lakini ukishuka na kupanda mara nne kwa siku, hesabu inakuwa mbaya haraka.

Kwa tiketi yoyote, andika jina lako panapotakiwa na uwe na pasipoti. Vituo vingi havina lango la kukuzuia kuingia treni. Mkaguzi anakuja ukiwa ndani, na asiye na tiketi halali hulipa faini ya euro 60. Kusema "sikujua" hakusaidii. Vivuko hulipiwa peke yake, ukiwa umepanda.

6. Ukae upande gani

Ukiwa ndani ya treni huoni vizuri ngome iliyo juu ya kichwa chako. Unaona ya ng'ambo. Kutoka reli ya kushoto utaona ngome za ukingo wa kulia: Marksburg, Maus, Katz, Gutenfels, na Pfalzgrafenstein katikati ya maji. Kutoka reli ya kulia utaona za ukingo wa kushoto: Stolzenfels, Rheinfels, Schönburg, Stahleck, Sooneck na Rheinstein. Kwa sababu hiyo, safari nzuri huenda kwa ukingo mmoja na kurudi kwa mwingine.

Kiti nacho kina maana. Ukitoka Koblenz kwenda Mainz kwa reli ya kushoto, kaa upande wa kushoto wa treni. Ukitoka Koblenz kwenda Rüdesheim kwa reli ya kulia, kaa upande wa kulia. Ukirudi, geuza.

Mfano wa Loreley unaonyesha umuhimu wa jambo hili. Jabali hilo, lenye kimo cha mita 132 hivi juu ya mto, liko ukingo wa kulia karibu na St. Goarshausen. Clemens Brentano alilitungia utenzi mwaka 1801, akabuni mwanamke aitwaye Lore Lay. Heinrich Heine akalipa umaarufu kwa shairi lake la mwaka 1824. Msafiri wa reli ya kulia, aliye karibu nalo kabisa, halioni: treni inapita handakini, ndani ya jabali lenyewe. Wa reli ya kushoto huliona kwa muda mfupi, kwa maana upande huo nao una mahandaki. Mwenye kutaka kulitazama kwa utulivu ashuke St. Goar na kutembea kando ya mto.

7. Mfano wa mpango wa siku mbili

Saa zifuatazo ni za kukadiria, kwa saa zetu za Kiswahili. Ratiba halisi itazamwe jioni iliyotangulia.

Siku ya kwanza. Ondoka Koblenz saa tatu na nusu asubuhi kwa reli ya kulia hadi Braubach, safari ya robo saa hivi. Panda mlima kwa miguu hadi Marksburg. Huingii peke yako: unafuata mwongozaji, na ziara huchukua karibu saa moja. Mwanafunzi wa Kijerumani ajiunge na kikundi cha Kijerumani hata kama hataelewa yote, kwa sababu mbele yake kutakuwa na jiko, zizi la farasi na silaha, na kila neno jipya litakuwa na kitu chake. Saa saba mchana panda treni hadi St. Goarshausen, vuka kwa kivuko hadi St. Goar, kisha upande hadi gofu la Rheinfels. Chukua tochi, kwani kuna njia za chini ya ardhi. Saa kumi na moja na nusu jioni panda treni ya reli ya kushoto hadi Bacharach.

Lala Bacharach. Ngome ya Stahleck, juu ya mji, ni hosteli ya vijana tangu miaka ya 1920. Inahitaji kadi ya uanachama, na nafasi iombwe mapema. Ukipata chumba mjini badala yake, uliza kiko umbali gani na reli: treni za mizigo hupita usiku kucha kwenye kingo zote mbili.

Siku ya pili. Tembea juu ya kuta za mji wa Bacharach, kisha usimame kwenye gofu la kanisa dogo la Werner. Ni jengo zuri lenye asili mbaya. Mwaka 1287 kijana aliyeitwa Werner alikutwa amekufa, na Wayahudi wakasingiziwa kwamba walimuua kwa ajili ya ibada. Uongo huo ulileta mauaji ya Wayahudi katika miji mingi ya Rhein, na kanisa likajengwa kwa heshima ya kijana huyo. Heine, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, aliandika juu ya hofu hiyo hadithi iitwayo Der Rabbi von Bacherach, iliyotolewa mwaka 1840 bila kumalizika. Anayelijua shairi la Loreley tu anamjua nusu ya Heine. Ya pili iko hapa, kilomita chache juu ya mto.

Mchana endelea kwa treni hadi Bingen, uone mnara wa Mäuseturm katikati ya mto, halafu Mainz. Kwa watu wa lugha, Mainz si kituo cha kubadilisha treni tu. Ni mji wa Gutenberg, aliyeanzisha uchapaji wa herufi za kupangwa Ulaya katikati ya karne ya 15. Tena chuo kikuu chake kina maktaba ya fasihi za Afrika yenye jina la Janheinz Jahn, ambamo vitabu vya Kiswahili ni sehemu ya mkusanyiko. Kwenye upande wa pili wa safari, Chuo Kikuu cha Köln nacho kinafundisha Kiswahili. Anayetaka kuingia katika maktaba ya chuo aandike barua-pepe kabla, na apange siku hiyo iangukie siku ya kazi.

8. Maneno ya kituoni

Kamusi nyingi za wanafunzi zina "mapenzi" na "falsafa", lakini hazina maneno haya, na ndiyo yanayoamua kama utalala ulikokusudia.

Gleis ni njia ya reli, yaani namba ya jukwaa unaposubiri. Abfahrt ni kuondoka na Ankunft ni kufika. Usisome ubao usio wako. Umsteigen ni kubadilisha treni. Verspätung ni kuchelewa. "Fällt aus" maana yake treni hiyo haiji kabisa. Schienenersatzverkehr, linalofupishwa SEV, ni mabasi yanayoshika nafasi ya treni wakati reli imefungwa. Neno hili la mwisho ni refu, lakini gawanya vipande: Schiene ni reli, Ersatz ni badala, Verkehr ni usafiri.

SEV si jambo la nadra. Reli ya ukingo wa kulia, kwa mfano, imepangiwa kufungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Julai 2026 ili ifanyiwe ukarabati mkubwa. Anayesafiri wakati kama huo atumie reli ya kushoto kwenda na kurudi, na ang'ambo afike kwa kivuko au kwa basi. Hata bila ukarabati, acha nafasi: panga kwamba treni moja itakosekana. Kama mpango wako unavunjika kwa kukosa treni moja, umepanga vituo vingi mno. Punguza ngome moja. Na siku ya kurudi uwanja wa ndege usiipange siku moja na ngome.

9. Mto wao na mto wetu

Tumesema ngome ziliishi kwa ushuru. Ushuru huo ulikwishaje? Mwaka 1815 Mkutano wa Vienna ulikubali kwamba mito inayopita nchi kadhaa iwe wazi kwa usafiri wa biashara, na ukaunda Tume ya Kati ya Usafiri wa Rhein, ambayo ipo hadi leo. Mwaka 1868 mkataba wa Mannheim ukaondoa malipo ya kupita.

Miaka 17 baada ya Mannheim, tarehe 26 Februari 1885, Mkutano wa Berlin ulitia sahihi mkataba wake. Sura yake moja inahusu usafiri wa mto Kongo, na msingi wake ni kanuni zilezile za Vienna: mto uwe wazi kwa meli za biashara za mataifa yote, pasiwe na ushuru wa kupita tu. Maneno yalikuwa ya Rhein, lakini hali haikuwa ya Rhein. Kule, waliokaa mezani walikuwa nchi za kingo zenyewe. Berlin hakuketi Mkongo hata mmoja. Tume ya kimataifa iliyotajwa katika mkataba kwa ajili ya mto wetu haikuwahi kuundwa, na uhuru wa biashara ulioandikwa karatasini haukuwazuia watu wa Leopold wa 2 kukusanya mpira kwa mjeledi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kongo anayesimama Kaub na kutazama ngome ya ushuru iliyo katikati ya maji haoni historia ya wengine tu. Anaona mwanzo wa maneno ambayo, yalipohamishwa kutoka mto mmoja hadi mwingine, yalibaki vilevile huku maana yake ikigeuka. Sisi tunaosomea tafsiri tuna sababu ya kulitafakari hilo kuliko wengine.

10. Hitimisho

Mambo ya kukumbuka ni machache. Omba viza kwa nchi inayohusika na usitangulize tiketi. Acha ICE, chukua treni za mkoa. Nenda kwa ukingo mmoja, rudi kwa mwingine, na ukae upande wa mto. Usipange zaidi ya ngome mbili kwa siku. Soma ubao wa kituo kabla ya kuuliza. Futa usajili wa tiketi kabla ya tarehe 10. Na kabla ya kupanda treni, soma kurasa chache za Heine, au za Le Rhin, kitabu cha barua za safari alichokitoa Victor Hugo mwaka 1842, ambacho msomaji wa Kifaransa hahitaji kutafsiriwa.